Nikiizima sauti yake, sindano haiendi

BARUA

Assalaam alaykum Somo,

Samahani barua itakuwa refu, nimeianza mara tatu naifuta. Mie ni mama wa watoto wawili, mwanamume na mwanamke mdogo, nina miaka 33, kwetu Wete lakini toka niolewe nipo Unguja huku Ng'ambo, mtaa siutaji maana watu watanijua. Mume wangu katutoka miezi minane sasa. Mchana alikuwa fundi umeme, jioni anapiga udi kwenye kikundi cha taarab, si mtu wa jina kubwa, mwenyewe akisema mie nakaa nyuma ya waimbaji na napapenda. Siku hiyo asubuhi katoka mzima kanywa chai yake, mchana napigiwa simu, presha, walipomfikisha hospitali keshamaliza. Miaka 41. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Kazi yangu nashona kofia, hizi za mkono za vitobo. Miaka 11 ya ndoa usiku wetu ulikuwa mmoja tu, watoto wakilala yeye anakaa kwenye mkeka kaegemea kabati anafanya mazoezi na mie nakaa mbele yake chini ya taa nashona. Hatuzungumzi. Sikujua kama mkono wangu unakwenda na udi wake mpaka alipokosekana. Nilipoingia eda nikajisemea angalau nitashona sana kwa vile sitoki, basi Somo miezi minne na siku kumi sikumaliza hata kofia moja. Nazungusha uzi kwenye kitobo kimoja, nautia mara mbili tatu, nasahau nilikuwa nafanya nini, nafumua.

Nilipomaliza eda nikawa napekua simu yake natafuta picha, nikakuta kajirikodi. Dakika 41. Alikuwa akijirikodi ili asikilize makosa yake. Anafanya mazoezi ya bashrafu moja, yaani muziki wa taarab wa vyombo vitupu bila ya maneno, kuna pahala panamshinda, kila akifika pale anasimama, anarudi nyuma, anakwenda tena, anasimama. Dakika ya 17 anakohoa anasema "hapa pananikataa hapa", na mie nasikika kwa mbali namwambia "kunywa maji wewe", anacheka. Ndio hiyo tu. Usiku ule nililia kwa mara ya kwanza toka siku ya maziko, halafu nikachukua kofia nikashona mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta nimekaa. Toka hapo kila usiku naiweka. Kofia mbili zimeisha, ya tatu ni oda ya bwana harusi na inakwenda vizuri.

Sasa kaka yangu kaja kutoka Pemba kunitazama, usiku akaisikia. Kaka yangu ni mtu wa dini, si mtu mbaya, ndiye aliyenilea baba alipokufa. Akanambia huyo keshatangulia na wewe kila ukimuweka na hicho chombo chake unamuongezea mzigo kule aliko, kama unampenda kweli ifute umsomee Yasini. Somo toka nisikie neno hilo naiweka na huku natetemeka. Na anataka aondoke na mwanangu wa kiume, ana miaka 8, akasome chuo cha Qurani huko Wete asije akakulia kwenye vyombo. Mama naye ananambia mwanangu eda umemaliza, muache marehemu apumzike, mwanamke wa miaka 33 hakeshi na simu.

Huku kwa mume, mkwe wangu anautaka udi. Baba mkwe alishatangulia zamani, amebaki yeye. Alikuja shemegi akasema mama anautaka na kuna mpigaji wa hotelini yupo tayari kuuchukua kwa laki sita. Udi upo ukutani kwenye msumari wake, waya mmoja ulikatika wenyewe usiku tumelala, nilishtuka nikajua mtu kauparuza. Sijaugusa. Nikiweka pua kwenye tundu lake napata harufu ya mbao na ya mashati yake. Nilikwenda kwa mkwe nikamwambia kwa hasira udi hautoki nyumbani kwangu, na toka siku hiyo haji kuwaona wajukuu.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni wiki iliyopita. Mtoto alikuwa mferejini anaosha miguu aende chuo, nikamsikia anaivumisha ile bashrafu, vizuri kabisa, haikosei. Akafika pale anaposimama babake, na yeye akasimama. Akarudi nyuma akaanza tena, akasimama pale pale. Kumbe usiku halali, anasikiliza. Nilikaa chini hapo hapo na kanga yangu ikarowa maji.

Nambie Somo, nakosea? Niifute? Udi niutoe? Mtoto aende?

Mshona Kofia, Unguja

SOMO ANAJIBU

Wa alaykumu salaam mwanangu. Mola amrehemu baba watoto wako na akupe subira wewe na mama yake. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kimoyomoyo na ya pili kwa sauti, nilipofika pale mferejini nikaiweka kwanza nikanywa maji na mie.

Umeniuliza maswali manne mfululizo kama kitu kimoja, na nadhani ndivyo yanavyokujia usiku, yote kwa pamoja, ndio maana mikono inatetemeka. Kuna sauti iliyo kwenye simu, kuna udi ulio ukutani, kuna mtoto, na kuna lile neno la mzigo. Neno hilo hukuliuliza lakini ndilo linalokula zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

Mie si shekhe na sitokupa fatwa. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya vyombo toka enzi na enzi, na sisi watu wa visiwani tumekulia katikati ya hitilafu hiyo, mtaa huo huo upande huu unasikia dufu na kasida za maulidi na upande ule unasikia fidla na akodiani. Kaka yako kashika kauli yenye wenyewe, hajaizua. Ila angalia, kakuchanganyia mambo mawili. Moja ni hukumu ya wewe kusikiliza. La pili ni kwamba aliyekufa anabeba mzigo kwa sababu wewe, mkewe, usiku wa manane unamsikia anakohoa na anacheka. Hayo si swali moja. Nenda kwa shekhe unayemuamini, na ukienda usiseme tu "nasikiliza muziki", mwambie kama ulivyonambia mie, mwambie na kikohozi, mwambie na "kunywa maji wewe". Inawezekana akakwambia kama kaka yako, inawezekana akakwambia vyengine, lakini utakuwa umejibiwa ulichouliza.

Na kulia je? Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, imo ndani ya Qurani, na Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, na hatusemi ila la kumridhisha Mola. Nakutajia hayo kwa sababu umeandika hukulia toka maziko mpaka ulipoisikia ile sauti. Miezi minne na zaidi jicho kavu! Na kitu chengine, kaka kasema msomee Yasini badala ya hiyo sauti, na wewe kwenye barua hukusema kama unasoma au husomi. Nahisi unasoma. Kaka hakukuuliza na wewe hukumwambia. Mtu aliyekulea kafunga safari ya meli kuja kukutazama, kaamka usiku kakukuta umekaa peke yako unasikiliza mtu aliye kaburini. Je, inawezekana aliogopa? Watu wa dini nao wanaogopa kama sisi, na woga wao unatoka na maneno wanayoyajua. Sisemi ndivyo ilivyo, wewe ndiye unayemjua.

Sasa sauti yenyewe. Siti binti Saad mtoto wa Fumba alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, akafariki 1950, na mpaka leo sauti yake ipo. Bi Kidude katutoka Aprili 2013 na harusi ngapi bado anaimba. Hakuna mtu anayesimama akasema zimeni muacheni apumzike. Kwa hiyo kusikia sauti ya aliyekufa si jambo geni katika nyumba zetu. Lakini nikiwa mkweli kwako, hailingani sana. Siti ni wa wote, mkimaliza kumsikiliza kila mtu anaondoka kwenda zake. Huyu ni wako peke yako, halafu ndani ya ile rikodi na wewe umo, yule wewe wa zamani anayemwambia mumewe anywe maji. Ndio inakuliza, na pengine ndio inakupa raha ile, kwamba kwa dakika 41 bado upo mbele yake.

Mamangu alikuwa akisuka ukili. Alipokufa mie nilikuwa siwezi kukaa na mtu anayesuka, ule mchakacho wa mkindu mkavu ukipita kwenye vidole nikiusikia naondoka. Ilichukua muda mrefu mpaka siku moja nimekaa na shangazi yangu barazani anasuka nikashtukia nimetulia, nimelala kabisa. Sikujua ni kitu gani kilichobadilika. Nakwambia hilo ili ujue kwamba masikio hayafuati kalenda. Eda ina siku zake na ina mambo yake, nguo, manukato, kutoka, na ikiisha imeisha, mama yako kasema kweli. Ila hakuna pahala palipoandikwa kuwa siku ya kumi ya mwezi wa tano na moyo nao unafungua mlango.

Hata hivyo nataka nikuulize, na ujijibu mwenyewe kimoyomoyo. Ile rikodi inakusaidia kushona, au sasa huwezi kushona bila yake? Mwanzo ilikukuta mkono umekufa ikaufufua, hilo umelisema wazi na mie naliamini. Lakini mkono uliozoea miaka 11 kwenda na udi unaweza kwenda na kitu chengine pia, kasida, redio ya jirani, mazungumzo ya wanawake wenzako mmekaa barazani kila mmoja na kofia yake. Hujasema kama umejaribu. Ukijaribu ikakataa, basi umejua. Ukijaribu ikakubali, usije ukahisi umemsaliti, maana hilo nalo huwapata wengi, siku ya kwanza wakicheka bila ya kumkumbuka marehemu wanajishika mdomo.

Kuifuta, kuiacha, kuipunguza, yote unaweza. Kuiacha kama ilivyo kuna hatari ya usingizi wako, na wa mtoto tumeshaona. Kuipunguza, tuseme usiku wa Ijumaa tu, wengine inawafaa na wengine wanakaa wiki nzima wanaisubiri hiyo Ijumaa tu hawaishi siku nyengine. Kuifuta haina kurudi. Mama yako na kaka yako wakibadilisha mawazo mwakani, haipo. Na ina mwengine mwenye haki nayo, binti yako mdogo ambaye hukumtaja tena katika barua, yeye pengine hatokuwa na kumbukumbu nyengine ya sauti ya babake. Kwa hiyo hili moja nalisema kwa nguvu, mengine yote nakuachia. Kabla hujaamua lolote itoe kopi. Iweke kwenye flashi, iweke kwenye memori kadi, mpe mtu unayemuamini na yeye akae nayo. Simu zinaibiwa, zinaanguka ndooni. Ukishafanya hivyo hata kama utaamua usiisikilize tena utakuwa umeamua wewe, si simu.

Tuje kwenye udi. Hapa mwanangu utaniwia radhi. Umesema hautoki nyumbani kwako kama kwamba ni wako, na mkwe kautaka kama kwamba ni wake. Kwa sharia zetu kama aliununua kwa pesa zake ule ni tarika, umo kwenye mirathi pamoja na vifaa vyake vya umeme. Wewe fungu lako ni thumni, moja juu ya nane, kwa vile kaacha watoto. Mama yake sudusi, moja juu ya sita. Kinachobaki ni cha watoto wako wawili, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Yaani ukiukata udi kwa hesabu, sehemu kubwa kuliko zote ni ya yule aliyekuwa anaosha miguu mferejini. Shemegi hana fungu maana marehemu kaacha mtoto wa kiume. Kama hamjagawa mirathi bado, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo kazi yake kutugawia hapa Zanzibar. Lakini najua na wewe unajua, kumpeleka mkwe ofisini kwa ajili ya udi mmoja ni maneno ambayo yatakaa kwenye ukoo miaka. Na kunyamaza nako kuna hatari yake, siku moja utarudi sokoni ukute msumari mtupu.

Ila hebu nirudishe kidogo. Laki sita kaisema nani? Kwa barua yako kaisema shemegi. Mkwe umeambiwa tu "anautaka". Ulipokwenda kwake kwa hasira, wewe ulimjibu mama kwa neno la mwanawe. Je, kama hataki pesa? Kama anataka kitu alichokuwa akikishika mtoto wake, akiweke chumbani kwake akitazame, kama wewe unavyoweka pua kwenye lile tundu? Wewe ulipewa miezi minne na siku kumi watu wakakupisha, wakakuletea chakula, wakakwambia kaa. Mama hana eda. Siku tatu matanga yakaondoka, ya nne keshatakiwa awe mtu mzima, akaangalie wajukuu na akapokee wageni. Huenda nakosea na kweli ni pesa anazitaka, masikini ana shida zake. Lakini mpaka sasa hamjazungumza, mmetumiana ujumbe.

Mtoto. Kwenda Wete si adhabu, kule ana wajomba, ana binamu, ana chuo kizuri na mjomba anayempenda, na pengine usiku atalala. Hatari yake ni kwamba ndani ya mwaka mmoja atakuwa kapoteza baba na nyumba na wewe, na akili ya mtoto wa miaka 8 inaweza kujiambia nimepelekwa kwa sababu niliimba. Kubaki nako, mpaka usiku wa nyumba hiyo ubadilike, ni kumuacha macho anasikiliza babake anakwama. Na kuna la tatu ambalo hukulisema lakini nimelinusa kwenye maandishi yako, kwamba ungependa ajifunze. Tunacho chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi pale mjini toka 2002, wanafundisha kupiga udi, kanuni, fidla, na wapo wenziwe marehemu kikundini. Ni jambo zuri, na kaka yako litamuuma, na lina kitu kimoja mie kinanitia wasiwasi zaidi kuliko kaka. Asije mtoto akawa simu ya pili. Akakaa kwenye mkeka, akaegemea kabati, na wewe ukachukua kofia. Mtoto akijifunza awe anajifunza chake. Hata wimbo wake awe anaukosea pahala pengine.

Na yeye hakuna aliyemuuliza. Ulipokaa chini pale mferejini, alikuona? Alisema nini? Barua yako inakatika hapo hapo.

Nina jambo jengine nalo nimelifikiria siku mbili nikiwa sijui nikwambie au nisikwambie. Bashrafu ile ina mwisho. Marehemu alikwama kwa sababu alikuwa peke yake nyumbani, lakini bashrafu inapigwa na kikundi kizima kabla mwimbaji hajasimama, na ndivyo taarab yetu ilivyoishi toka kikundi cha Akhwani Safaa kilipoanza 1905, panapomshinda mmoja mwengine anapashika. Wenziwe wanaijua yote. Ungeweza kumuita mmoja wao mchana, kaka yako au mama yako akiwepo, autie ule waya uliokatika, aipige mpaka mwisho na mtoto akiwepo, na mkwe kama atakuja. Sikwambii ufanye. Kuna watu jambo kama hilo huwafungua kifua, na kuna watu huwarudisha siku ya kwanza, maana ukishausikia mwisho huwezi tena kusema bado anafanya mazoezi. Pengine ndio hutaki uishe, na una haki.

Na haya nayasema haraka lakini usiyapite haraka. Kama chakula hakipiti, kama usiku hulali hata bila ya kushona, kama inakujia fikra kuwa bora na wewe umfuate, hilo halingoji barua, mwambie mama yako leo na nendeni kituo cha afya. Watu wetu wakisikia daktari wa mambo ya akili wanafikiria Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, basi, wanaona haya. Hakuna haya. Huzuni ikizidi inatibiwa kama presha inavyotibiwa.

Hukunambia harusi lini, hiyo ya kofia ya tatu. Nimejikuta nafikiria bwana harusi huyo atakayeivaa na hajui vitobo vyake vimeshonwa kwa bashrafu gani.

Leo usiku kabla hujaiweka, nenda kwanza kachungulie chumbani kama mtoto kalala. Kama yu macho sijui utafanya nini, utamwambia alale, au utamwita aje akae kwenye mkeka na wewe, au utaizima. Niandikie unambie.

Somo wako